Pilau Isiyopaliwa

Biasha binti Hasani,
Mpishi wa Shughuli,
Kijiji cha Pande,
Wilaya ya Kilwa.

Jumatatu, siku kumi na mbili kabla ya harusi.

Kwa Ndugu Haruna,
Afisa wa Mradi wa Nishati Safi ya Kupikia,
ambaye pia, inshallah, ni mkwe wangu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MOTO WA JUU

Ndugu Afisa,

Assalaam aleykum. Shikamoo yako uliyoituma kwa mshenga imefika, na marahaba, nimeiitikia palepale mbele ya mashahidi. Sisi huku wazima. Mume wangu, Mzee Abdurahmani, mgongo unamsumbua kidogo, lakini kula anakula.

Kabla sijaanza niliweke sawa jambo moja. Kwa desturi yetu, mama mkwe na mkwe hawakai jamvi moja wakajibizana. Ukija na njia hii, mimi nakata ile. Ukibisha hodi mbele, mimi najitanda kanga natokea nyuma. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Lakini ujue namwandikia afisa, simwandikii mkwe. Mkwe naomba asiisome kabisa barua hii. Ukikutana na neno kali humu, hilo ni la afisa. Ukikutana na neno zuri, lichukue umpelekee mkwe wangu na salamu zangu nyingi.

Mimi nimepika shughuli za Pande kwa miaka thelathini na mmoja. Harusi, maulidi, hitima, unyago, mpaka ile sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu ambaye baadaye hakuondoka. Masufuria yangu ni yale ya kubebwa na watu wanne. Hakuna mtu wa kijiji hiki aliyeoa au kuolewa bila mkono wangu kuwa ndani ya sahani. Sasa wiki iliyopita nimeambiwa, tena sikuambiwa na wewe, nimeambiwa na Hafsa jirani yangu, ambaye alifurahi mno kuwa wa kwanza kujua, kwamba umetangaza kwenye mkutano wa kijiji kuwa harusi yako na binti yangu Salima itapikwa yote kwa gesi, kuanzia pilau hadi chai, iwe mfano kwa wilaya nzima. Wageni watakuja kutoka mjini kupiga picha. Mkaa hautaingia uani hata kipande.

Afisa, uani ni kwangu.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu neno lililotufikisha hapa.

Mwaka jana ulipokuja na karatasi zako za maswali, ulitukusanya wapishi kumi na wanne kwenye darasa la shule ukatuuliza mmoja mmoja. Swali la tisa lilisema: wakati wa kupika, je, hupaliwa? Na kama ndiyo, mara ngapi?

Hebu fikiri. Mtu akimuuliza mpishi wa pwani habari za kupaliwa, anamuuliza habari za pilau. Pilau ikishakauka maji, unapunguza moto wa chini, unafunika, unachota makaa yaliyo hai unayapanga juu ya mfuniko. Hapo ina moto wa chini na moto wa juu, inaiva taratibu, na kila punje inakaa peke yake kama imenunuliwa peke yake. Huko ndiko kupalia. Pilau isiyopaliwa ni bokoboko lenye bizari. Sasa mwanamke gani wa Pande atasimama mbele ya wenzake aseme yeye kwake haipaliwi? Tulijibu wote, ndiyo. Mara ngapi? Kila mara. Hafsa kwa majivuno yake akaongeza kwamba yeye kwake hata wali mweupe hupaliwa. Tulikuona unaandika huku unatikisa kichwa kwa masikitiko, tukadhani una njaa.

Kumbe ulikuwa unauliza ile kupaliwa nyingine! Ile ya mtu kukabwa na moshi kooni akakohoa mpaka macho yakamtoka. Ripoti ikaenda juu: asilimia mia moja ya wapishi wa Pande hupaliwa kila wanapopika, na mmoja hupaliwa hata na wali mweupe. Loo! Wakubwa wakashtuka, na wangeachaje kushtuka? Wakadhani kijiji hiki kina siku chache tu. Yakaletwa majiko arobaini ya gesi na mitungi yake, pamoja na bango lenye picha ya mwanamke anayecheka na sufuria. Salima ndiye aliyekuwa akikuchapia ile ripoti pale ofisi ya kijiji, na ndiko mlikojuana, tusijifanye hatujui. Nimemuuliza. Anasema kosa aliliona, ila wakati huo alikuwa bado anakuonea haya.

Kwa hiyo, Afisa, mradi wako mzima umekaa juu ya mfuniko wa sufuria yangu. Naomba ripoti irekebishwe na iandikwe hivi: Pilau zinazopaliwa, zote. Wapishi wanaopaliwa, hakuna hata mmoja.

2. Kuhusu jiko lenyewe kuwa na upande mmoja.

Jiko lako nimelichunguza bila chuki. Nimelizunguka, nimelala kifudifudi nikaliangalia tumboni. Moto wake wa chini ni mzuri, wa buluu, hauna maneno. Lakini juu hakuna kitu. Na ukilizima limezimika, halikuachii kaa hata moja la kuchota. Sasa mfuniko niupangie nini, niupangie buluu? Nilimtuma Hafsa akuulize mkutanoni, ukamjibu kwamba sufuria ikifunikwa vizuri joto huzunguka lenyewe humo ndani. Afisa, joto la kuzunguka ni la mayai.

Naliomba taifa, kwa kuwa lina wataalamu waliosoma mpaka ng'ambo, litengeneze gesi ya kuwaka kuelekea chini. Mtungi uning'inizwe kwenye kenchi za paa na moto ushuke. Ikishindikana, basi kila mpishi apewe majiko mawili, moja liwekwe chini na la pili lipinduliwe juu ya sufuria. Hili la pili nimelijaribu na majiko yakiwa yamezimwa, kwa usalama. Linakaa, ila linatikisika.

Halafu kuna ukoko. Haki ya mpishi ni ukoko, hilo halina mjadala katika mwambao huu. Watu wote wakishakula wakaenda zao, mpishi anakaa kwenye kigoda ananyoosha miguu, analetewa ukoko wake. Mimi tangu Salima ana miaka saba yeye ndiye anayenikwangulia. Anajikunja mpaka nusu ya mwili iko ndani ya sufuria, anatoka na vipande vikubwa vya rangi ya kahawia, ananiletea kwa sahani ya bati na kupiga goti. Hajawahi kukosa shughuli hata moja, hata ile aliyokuwa na homa. Jiko lako ukoko wake ni mduara mdogo katikati kama muhuri wa ofisi. Ukoko wa muhuri unampa nani?

3. Kuhusu tabia ya gesi.

Kila mtu huku anajua gesi inatoka baharini kwetu. Bomba lake limefukiwa ardhini, linakatiza hii Kilwa yetu na kwenda zake Dar es Salaam. Sina ubaya nalo. Taifa linataka umeme, viwanda navyo vina njaa. Lakini jamani, mgeni gani huyu anayepita mlangoni kwa mtu kila siku ya Mungu bila hodi, bila hata kuomba maji ya kunywa? Kisha gesi ya jikoni ndiyo inatujia kutoka hukohuko Dar, imevaa mtungi, imepanda basi, imekaa kiti cha mbele karibu na dereva, na sisi tunakwenda kuipokea stendi kama mtu aliyetoka Hija.

Ulitueleza kwa upole, na hilo nakushukuru, kwamba ile ya bombani na hii ya mtungini si moja. Ni ndugu tu, na hii ya mtungini hutoka nchi za mbali kwa meli. Vizuri. Kwa hiyo mmoja anazaliwa hapa anakwenda huko, mwenzake anazaliwa huko anakuja hapa, na wawili hawa hawajawahi hata kuonana. Huo ni udugu gani? Naomba wakutanishwe. Kitobolewe kitundu kidogo tu kwenye bomba, pale karibu na barabara, kisizidi kidole gumba, na mimi mwenyewe nitakaa hapo na kigoda changu nikilinde.

Mzee Abdurahmani amesoma hapo juu na anasema kitundu hicho kitaturusha kijiji kizima. Basi kitundu nimekiondoa. Hodi naibakiza.

4. Kuhusu moshi, ambao umetukanwa sana na hauna wa kuutetea.

Moshi ndio kadi ya mwaliko. Ukipanda kwangu asubuhi, watu wa mashambani wanaoga na kubadili nguo bila kuitwa. Gesi haisemi kitu. Unaweza kupikia watu mia nne na jirani asijue, akanuna mwaka mzima. Moshi pia unawafukuza mbu, na wanaume wanaoingia jikoni ati kuangalia kama nyama ina chumvi.

Na kuna kazi nyingine ya moshi ambayo haimo kwenye maswali yako. Siku ya harusi mama wa bibi harusi ana mambo yake moyoni. Anacheka, anapokea wageni, anapiga vigelegele, lakini mtoto anaondoka. Nimewaona akina mama wengi wa Pande siku hiyo. Kila mmoja kwa wakati wake anakuja jikoni kwangu kusema anaangalia nyama. Anasimama upande ule moshi unakokwenda. Anajifuta macho kwa upindo wa kanga, anasema ah, moshi huu, na mimi namwitikia, kweli, leo mkaa umelowa. Kisha anarudi kwa wageni akicheka. Katika miaka thelathini na mmoja hakuna hata mmoja aliyeaibika.

Sasa kwenye jiko lako la buluu mama huyo atasimama wapi? Atasingizia nini? Je, mradi umelifikiria hilo? Nauliza kwa niaba ya akina mama kwa jumla, sina mtu fulani ninayemkusudia.

5. Kuhusu msitu.

Ulituonyesha picha za visiki ukutani, na kila kisiki kilipotokea nilitazamwa mimi. Nilikaa nimejitanda kanga kama mshtakiwa. Afisa, tuwe wakweli. Pilau ya harusi nzima inakula mkaa wa madebe mawili. Lori moja linalotoka huku limejaa magunia mpaka linainama lingetosha kupalia pilau za kijiji hiki mpaka wajukuu zako wazeeke. Na lori hilo halibaki hapa, linakwenda Dar. Na huko Dar, nimeuliza watu, hawapalii! Wanachemshia maharage na kuchomea mishikaki. Kwa hiyo pendekezo langu la kuokoa mazingira ni rahisi sana: majiko yote arobaini yapelekwe Dar es Salaam, wakagawane wenyewe, na sisi tuachiwe madebe yetu mawili.

Sitaficha jambo hapa. Kile kijito cha nyuma ya shamba la korosho la marehemu baba yangu, nilikokuwa nachota maji nikiwa msichana, siku hizi kinakauka kabla mikorosho haijachanua. Aliyekata miti pale ni Alfonsi, yule Mmatumbi wa Kipatimu aliyehamia kwetu. Na aliyekuwa akinunua mkaa wa Alfonsi ni mimi. Hili nalisema haraka ili tulipite.

Na huyo Alfonsi mmemfanya nini? Alikuwa anakuja kwangu na masizi mpaka kwenye kope, anatua gunia, tunagombana nusu saa kwamba amejaza vumbi, roho zetu zinatulia. Mmempa mizinga ya nyuki. Sasa anakuja na shati jeupe, ananukia asali, anaongea taratibu. Kila nikimtafutia ugomvi ananionjesha kijiko. Anasema nyuki wanataka miti, kwa hiyo siku hizi ukigusa mti kwenye ule msitu anakufuata mpaka nyumbani. Mchoma mkaa niliyemzoea nimempoteza, na mradi haujanipa pole.

6. Kuhusu hifadhi.

Nimesikia kuna hifadhi ya mikoko, kuna ulinzi wa kasa na mayai yake, na kuna hata nguva analindwa, ambaye wavuvi wenyewe hawamwoni mwaka hadi mwaka. Sina kinyongo na nguva. Lakini naomba pilau ya kupaliwa nayo iandikwe kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Uani wangu utangazwe kuwa eneo la hifadhi. Mtungi wa gesi usikaribie hatua ishirini. Watalii wanaokwenda Kisiwani kuangalia magofu wapitishwe kwangu kuangalia mfuniko, na kila atakayekula apande mche mmoja nyuma ya shamba la baba, kwenye kile kijito tulichokipita haraka hapo juu.

Vilevile, kwa kuwa nasikia taifa linapanga mahitaji yake ya nishati kwa miaka mingi ijayo, upepo hivi, jua hivi, maji hivi, gesi hivi, naomba kiongezwe kipengele kimoja cha makaa ya mfuniko. Hakihitaji nguzo wala waya, koleo linatosha. Maana taifa litakuwa na umeme wa kumulika mpaka mwezini, halafu likae chini kula bokoboko? Watoto wetu watatuuliza, nanyi maafisa mtakuwa mmeshastaafu. Mpaka kipengele hicho kitakapoingia, naomba mipango yote ya nishati ya nchi hii isogezwe mbele kidogo. Ikae hata mpaka baada ya harusi, si vibaya.

7. Kuhusu harusi, ambayo ndiyo hasa iliyonitoa usingizi.

Hapa, Afisa, nakwambia wazi. Nimewapikia mabinti wa watu wote. Nimewapikia wa marafiki, wa maadui, na wa Hafsa wawili. Kila mara nilikuwa najiambia, siku ya Salima nitapika pilau ambayo watu wataihadithia. Ninaye mtoto huyu mmoja tu ambaye Mungu alinipa. Mdalasini wa siku hiyo niliununua mapema nikauficha kwenye mtungi wa udongo, hata baba yake hajui ulipo, na sasa ameshajua kwa kuwa anasoma barua hii.

Na mwezi huohuo wa harusi wewe umepata uhamisho wa kurudi kwenu Singida. Sawa, kazi ni kazi, na mke anafuata mume, sina neno. Lakini nichukuliwe mtoto, na siku ya kumchukua nichukuliwe na mfuniko? Niambiwe nikae kwenye mkeka mikono mapajani, nipigwe picha na jiko? Niwe mgeni kwenye harusi ya mwanangu? Hapana. Inaniuma, na naandika hivyohivyo, inaniuma.

Kwa hiyo natoa taarifa rasmi kwamba usipotengua tangazo lako, mimi Biasha binti Hasani sitashika mwiko siku hiyo. Sitaonja chumvi. Wageni wako kutoka mjini watapikiwa na Hafsa, ambaye nampenda kama ndugu, na ambaye pilau yake ninyi wenyewe mtaiona. Na kama kuna mtu atakayeaibika kwenye picha, asije akasema hakuonywa.

Nangoja majibu yako kwa maandishi, kupitia kwa mshenga, kabla ya Ijumaa.

Wasalimie wazazi wako Singida, na nduguzo, na wote watakaosafiri kuja. Waambie waje na matumbo matupu. Hafsa anakusalimu ingawa hajui nimemtaja. Alfonsi anakusalimu na chupa ya asali imo kwenye mfuko huu, usimwage. Mzee Abdurahmani anasema barua ni ndefu. Salima anacheka tu.

Ni mimi ambaye, ukiwa afisa, sikubaliani nawe hata chembe, na ukiwa mkwe, nakuombea kila la heri,

Biasha binti Hasani.

Nakala: Mzee Abdurahmani (ameshasoma).
Nakala: Salima (asome, asicheke).

Tanbihi. Leo ni Jumatano. Mshenga amechelewa kuja kuchukua barua, nami nikaona nisiipeleke mikono mitupu, bora iambatane na ushahidi. Nikamwambia Salima apike sufuria moja ndogo ya pilau kwa jiko lako, wewe uletewe uonje uharibifu. Nikamwita Hafsa awe shahidi. Nikaketi kwenye kigoda changu, nikafunga mdomo, nisije nikamsaidia.

Pilau ilipokauka maji nikasema moyoni, haya, sasa tuone. Salima hakuniangalia hata. Alipunguza ile buluu ikabaki kidogo kama uzi. Akaenda nyuma kwenye lundo la vifuu vya nazi, vile ambavyo mimi huwashia moto tu na kuvisahau. Kumbe alikuwa ameshachoma vitano ndani ya karai kule mbali, vimeshaisha moshi, vimebaki makaa mekundu. Akayachota kwa koleo akayapanga juu ya mfuniko, moja moja, akianzia pembeni kama nilivyomfundisha. Hakuna mti uliokatwa. Nazi tulikuwa tumeshazikuna jana.

Afisa, kila punje imekaa peke yake. Na ukoko umetoka mzima, mkubwa, wa duara la sufuria yote, siyo muhuri. Hafsa ameomba aongezewe, na kwa Hafsa hilo ni jambo kubwa.

Basi Salima akauweka kwenye sahani ya bati. Akaja akapiga goti akaniambia, mama, ukoko wako. Nikatia kipande mdomoni. Nikahesabu, zimebaki siku kumi. Shughuli ijayo baada ya hapo nitajikwangulia mwenyewe. Basi hapohapo kikanikaa kooni, sikuweza kumeza wala kutema, machozi yakanitoka, Hafsa akanipigapiga mgongoni huku anatazama huku na huku atafute moshi wa kuusingizia kwa ajili yangu. Ni mwema, Hafsa. Lakini moshi haukuwepo popote. Salima akanishika mkono, naye akaanza kulia.

Kwa hiyo malalamiko nambari mbili mpaka saba nimeyafuta. Lete mitungi mitatu iliyojaa kabla ya Alhamisi ijayo, na hao wapiga picha waje. Mwiko nimeshaushika. Upande wa juu wa moto tuachie sisi.

Mshenga ameingia sasa hivi, ananiambia Singida hakuna minazi. Basi nitakuwa natuma vifuu kwa basi. Ukipigiwa simu kutoka stendi kwamba kuna gunia limefika kutoka Kilwa, jepesi, linagongana ndani, usiulize la nani. Mpelekee mkeo.

Ila nambari moja naibakiza, ile ripoti irekebishwe. Pilau zinazopaliwa, zote. Wapishi wanaopaliwa, mmoja. Na pale penye sababu usiandike moshi.